Boksi la Usukani na Kuku wa Mwalimu

Mzee Tepu hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, lakini kwa kuendesha kwa mdomo hakuwa na mpinzani mtaani. Kila asubuhi aliingia kwenye gari la mkewe, akaketi upande wa abiria, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kama kawaida yake, akakohoa kidogo, kisha akaanza kazi.

"Anza kukata, Sista. Kata. Bado, wewe kata tu. Haya, limesikia, limesikia... rudisha! Rudisha, mama, ukuta huo!"

Mtu asiyelijua gari lile angedhani mzee ana kiherehere. Ukweli ni kwamba usukani ulikuwa umechoka. Ulikuwa unacheza. Ungeuzungusha kama mtu anayefungua mfuniko wa chupa, na gari lingeendelea na safari yake ya mwanzo kana kwamba halijaambiwa kitu. Ungeongeza kidogo, nalo lingetafakari. Halafu, pale unapokaribia kukata tamaa, lingekubali ghafla, tena kwa moyo wote, na ilibidi uurudishe usukani upesi kabla halijapitiliza. Kwa hiyo kona ilianza kukatwa ikiwa bado mbali, na kazi ya Mzee Tepu ilikuwa kuiona kona mapema na kumwarifu mwenye mikono.

Mwenye mikono alikuwa mkunga mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Sista, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo, tangu siku ile ya ujana wao sindano ya cherehani ilipompitia kidoleni akakimbilia zahanati akiwa amekishika kidole kama mshumaa.

"Mwanamume mzima unalia," yule nesi kijana alimwambia huku akimfunga bendeji.

"Silii. Macho ndiyo yanatoka maji."

Kidole kilipona upesi, lakini yeye aliendelea kwenda kukionyesha mpaka wakaoana.

Gari lenyewe Sista alilinunua kwa jasho lake kutoka kwa daktari mmoja aliyekuwa akihama. Lilikuwa na taa za duara zilizoduwaa, rangi ya chai iliyozidi maziwa, na kiti cha mbele kirefu kama benchi la kanisani. Kwa gari hilo alifuata wajawazito kwenye vichochoro ambavyo hata baiskeli ziliviogopa. Wapo watoto waliokataa kungoja hospitali wakazaliwa kiti cha nyuma. Mmoja wao sasa ni askari wa barabarani, na kila gari hilo linapopita hulipigia saluti, jambo linalowashangaza madereva wengine na kumvimbisha kichwa Sista.

Basi mambo yalikuwa yanakwenda hivyo, mdomo wa mzee na mikono ya bibi, mpaka binti yao alipopanda.

Binti huyo alikuwa mtu wa ofisi, mama wa watoto watatu, na kazini kwake walikuwa wamembadilishia zamu. Akawaomba wazazi wake wawe wanawapeleka wajukuu shule asubuhi. Bibi na babu wakafurahi kupita kiasi. Siku moja kabla ya kuanza, binti akasema twende pamoja niwaonyeshe njia. Aliketi nyuma. Walipofika kwenye kona ya kwanza na baba yake akaanza, "Kata, kata, bado, kata," alicheka akidhani ni utani wa wazee. Kwenye kona ya pili hakucheka. Kwenye kona ya tatu alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Waliporudi nyumbani alishuka, akasimama uani.

"Mama, nawapenda sana. Lakini wanangu hawapandi gari hili."

"Hawapandi nini?" Sista akashusha mkoba wake. "Gari hili limebeba wajawazito mji mzima!"

"Wajawazito walikuwa na uchungu, mama. Hawakuwa wanaangalia barabara."

Mzee Tepu aliinamisha kichwa akajifanya anafungua kamba za viatu, kwa sababu kicheko kilikuwa kimemfika kooni na alijua kingemgharimu chakula cha jioni.

"Tengenezeni usukani," binti alisema. "Ukikaa sawa, watoto wenu hao hapo. Usipokaa sawa, watatembea."

Sista aliokota mkoba wake. Aliingia ndani, akaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Mumewe alimjua: akikasirika hupaza sauti, lakini akiumia huosha vyombo. Kesho yake asubuhi akamwambia, "Vaa viatu, tunakwenda kwa Fundi Sikia."

Fundi Sikia aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuanza sentensi kwa neno jingine. Gereji yake ilikuwa kiwanja chenye uzio wa mabati, shimo la kusimamia chini ya gari, na benchi la mbao lililolowa oili mpaka likang'aa kama limepigwa vanishi. Alilala chini ya gari, miguu tu ikaonekana.

"Sikia, mzee. Ingia kwenye usukani unitikisie."

Mzee Tepu akamtazama mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa kumruhusu. Akapanda upande wa dereva kwa mara ya kwanza maishani, akaushika usukani kwa ncha za vidole kama kitambaa cha hariri cha mteja, akautikisa kulia na kushoto. Alijisikia mkubwa. Mama mmoja aliyekuwa akipita nje alimwona, naye akamwinulia kidole gumba.

"Sikia," sauti ilitoka chini. "Vyuma vya huku vizima. Bushi nzima. Ugonjwa uko kwenye boksi la usukani."

Akatoka chini akiwa na vumbi kichwani, akafungua boneti na kuwaonyesha. Lilikuwa dude la chuma, zito, limefungwa kwa bolti kwenye chasisi, ile fremu ya chini ya gari. Nondo ya usukani inaingia juu yake, na chini yake unatoka mkono wa chuma unaosukuma magurudumu. Ndani mna meno, akaeleza, na meno hayo yameliwa pale katikati, kwa kuwa mtu huendesha sana akienda moja kwa moja kuliko anavyokata kona. Kuna skrubu ya kukaza. Ataikaza, tutazame.

Akaikaza. Usukani ukatulia kabisa, na Sista akatoka gerejini ameinua kidevu. Walikwenda vizuri mpaka kwenye mzunguko wa sokoni, ule wenye bustani ndogo na saa iliyosimama katikati. Sista akakata, gari likaingia kwenye mzunguko kwa utii mkubwa. Ulipofika wakati wa kutoka, usukani ukagoma kurudi.

"Nyoosha," akasema Mzee Tepu.

"Nanyoosha."

"Mbona haunyooki?"

"Wewe si ndiye dereva wa mdomo? Uambie!"

Wakaipita njia ya mtaa wao. Askari wa barabarani, yule yule aliyezaliwa kiti cha nyuma, alikuwa amesimama pale, akapiga saluti. Wakazunguka, wakapita tena, akapiga saluti ya pili, safari hii akiwa na mashaka. Waliporudi mara ya tatu alikuwa ameshusha mkono ameacha mdomo wazi. Wauza matunda waliinuka kutazama. Mwishowe Mzee Tepu alitupa heshima zote pembeni, akaudaka usukani pamoja na mkewe, wakauvuta wawili kama watu wanaochota maji kisimani, nao ukaachia. Walitokea barabara isiyokuwa yao, lakini walitokea.

"Sikia, Sista," fundi alisema walipomrudia. "Nimekaza pale palipolika, sasa pale pasipolika panabana. Ndiyo hivyo. Nikilegeza, unacheza. Nikikaza, unang'ang'ania. Hili boksi limemaliza kazi yake. Tafuta jingine."

Akailegeza tena skrubu, wakaondoka. Kusema ni rahisi. Walipita maduka ya spea yote. Muuzaji wa kwanza aliinama ndani ya boneti, akalitazama lile boksi kuukuu, akamwita mwenzake wa duka la jirani aje aone. Wa pili alisema, "Bibi, aliyekuwa akiuza hii ni marehemu babu yangu." Wa tatu hakuuliza habari za boksi, alitoka nje akalizunguka gari, akasema angelipenda sana alipande maua ndani yake, aliweke mbele ya hoteli yake.

"Maua utapandwa wewe," Sista akamjibu, akapanda gari, na kwa hasira aliyokuwa nayo akakata kona bila kungoja kuambiwa. Waligusa ndoo ya mtu.

Siku zikapita. Wajukuu walitembea kwenda shule. Kila asubuhi walipita mbele ya nyumba wakapunga mikono, na yule mdogo akauliza kwa sauti kama gari la bibi bado ni mgonjwa. Sista akawa anaosha vyombo mpaka vinachubuka.

Sasa, Mzee Tepu alikuwa na kibanda chake cha kushonea pembeni mwa barabara, na ndiko jambo lilikofumukia. Alikuja mwanamke mmoja mrefu, mkavu, mwalimu mstaafu aliyehamia upande wa pili wa mji kuishi kwenye kiwanja alichoachiwa na kaka yake. Alitaka sketi. Mzee Tepu alipokuwa akimpima kiuno aliona unyoya umenasa kwenye nywele zake.

"Samahani, Mwalimu. Una unyoya kichwani."

"Ni kuku hao. Nikienda kuwafungulia, wananirukia." Mwalimu akautoa unyoya kama mtu anayesahihisha kosa la tahajia. "Banda lao lina mlango wa ajabu. Ni mlango wa gari."

"Wa gari?"

"Kaka yangu alikuwa na gari. Injini ilikufa likiwa bado jipya jipya, akaiuza injini, akaliacha. Mimi nikawaweka kuku."

Mzee Tepu alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, taratibu, akaziweka mezani.

"Hilo gari, Mwalimu. Taa zake za mbele zikoje?"

"Za duara. Kama mtu aliyeambiwa habari mbaya."

Sketi ile ilikatwa fupi kidogo kuliko ilivyopimwa, maana mpimaji akili yake ilikuwa imesharuka barabara.

Kesho yake walikwenda wote watatu: Sista, Mzee Tepu na Fundi Sikia na mfuko wake wa spana. Kiwanja kilikuwa kimefagiwa mistari iliyonyooka. Nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati, lilikuwa limekaa gari pacha la gari lao, la kijivu, lisilo na magurudumu, limeegemezwa juu ya matofali. Majogoo walikaa kwenye usukani. Vifaranga wakubwa walichungulia dirishani kama abiria wanaosubiri tikiti. Sista alisimama akaliangalia, mkono kifuani, kama mtu aliyekutana na dada wa rafiki yake.

Fundi Sikia akafungua boneti, akainama, akarudi nyuma.

"Sikia," akasema, halafu hakuendelea.

Mahali ilipokuwa injini palikuwa na gunia la majani makavu. Gunia hilo lilikuwa limeshindiliwa kati ya chasisi na boksi la usukani, na juu yake alikuwa ameketi kuku mwekundu, mkubwa, aliyejivimbisha mpaka akawa kama mto. Aliwatazama kwa jicho moja.

"Huyo analalia," Mwalimu akasema. "Ameanza juzi. Mayai kumi na mawili."

"Tutamwinua kidogo tu," akasema Sista.

"Hainuliwi mtu."

"Mwalimu, ni kazi ya muda mfupi. Fundi anafungua bolti, anagonga kidogo..."

"Anagonga? Kwa nyundo?" Mwalimu akavua miwani. "Mayai yenye uhai ndani yake, mtu aje agonge chuma pembeni? Wewe si ulikuwa mkunga? Ungekubali mtu agonge nyundo kwenye wodi yako?"

Hapo Sista alikamatika. Mzee Tepu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kuona mkewe akishindwa hoja, alilazimika kugeuka akaangalia ukuta.

"Nisingekubali," Sista akasema kwa sauti ndogo.

"Basi tusubiri yatotolewe."

Wakasubiri. Ila Sista hakuwa mtu wa kukaa nyumbani wakati kuna uzazi mahali. Kesho yake akaenda kuangalia maendeleo. Keshokutwa akaenda tena, na kurunzi. Alipofika pale aliuliza kama mama amekula, amekunywa, ametoka kujinyoosha. Mwalimu, aliyekuwa amefuga kuku muda mrefu na hakupenda kufundishwa, alimjibu kwa mkato. Wakaanza kubishana: Sista alitaka gunia ligeuzwe upepo usimpige mama, Mwalimu akasema kuku ana akili zake, Sista akataka mayai yakaguliwe kwa mwanga, Mwalimu akasema siyo mtihani. Mzee Tepu alikuwa akiletewa ripoti kila jioni, huku chakula kikipoa.

"Yai moja halina kitu. Nilimwambia. Amekataa kulitoa."

"Kwa nini amekataa?"

"Anasema kuku ataona limepungua."

"Anahesabu?"

"Ni kuku wa mwalimu," Sista akajibu, na mumewe akagundua kwamba siku hizo vyombo haviguswi tena kwa uchungu. Alikuwa akitoka asubuhi amejitanda kanga safi, na mkoba wake wa zamani wa kazi begani. Wiki ya pili wale wanawake walikuwa wanakunywa chai pamoja wameketi kwenye kiti cha nyuma cha gari la kuku, mlango wazi, wakiwasema watu wa ofisi walizostaafu.

Vifaranga walipoanza kugonga maganda, Sista alikuwepo. Walitoka mmoja baada ya mwingine, wamelowa, wamekasirika. Wa mwisho alitoboa tundu, akachoka, akanyamaza. Mwalimu akasema mwacheni, asiyeweza kutoka mwenyewe huwa hana nguvu. Sista akasogea karibu na gunia. Alifungua mkoba, akatoa kibanio chake, akanawa mikono, akaanza kulibandua ganda kipande kwa kipande, akizungumza na yai kwa sauti ile ile aliyowahi kuwatulizia wanawake kwenye kiti cha nyuma cha gari lake: "Taratibu, mwanangu. Taratibu. Hatukimbizwi na mtu." Kifaranga kikatoka, kikaanguka, kikainuka. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Mwite fundi wako," akasema.

Siku iliyofuata Fundi Sikia alilala chini ya lile gari la kijivu, kwenye mbolea ya kuku, akalalamika kwa sentensi zilizoanza zote kwa neno moja. Alifungua ule mkono wa chini kwa pula, chombo cha kung'olea vyuma vilivyoshikana, na nyundo, akafungua bolti zilizoshika kutu, akalitoa boksi na kulifuta kwa dizeli. Alilizungusha kwa mkono. Lilisikia papo hapo. Hakuna kucheza, hakuna kung'ang'ania.

"Sikia. Hili halijafanya kazi. Hili limekaa tu linasikiliza majogoo."

Mwalimu alikataa kulipwa. Alikuwa na shida moja: boksi likitoka, gunia la kutagia litakosa kitu cha kulizuia na litadondoka. Basi wakalitoa boksi chakavu la Sista kule gerejini, wakalileta na kulifunga mahali pale pale, bolti kwa bolti. Mzee Tepu alilipigapiga kama anayemuaga mfanyakazi anayehamishiwa kijijini. Kule kuku hawakuwa na safari ya mbali.

Boksi zima likafungwa kwenye gari la Sista. Fundi alipomaliza, Mzee Tepu alilikagua kwa jicho la kazi yake, akaona usukani umekaa mshazari wakati magurudumu yamenyooka.

"Hii ni kama kola iliyoshonwa upande," akasema. "Mimi siwezi kumkabidhi mteja hivi."

"Sikia, mzee, hiyo haina madhara."

"Na kola ya upande haina madhara. Lakini utaivaa?"

Fundi akafungua nati ya usukani, akaunyoosha.

Sasa hapa ndipo penye aibu yenyewe. Sista aliketi, akawasha, akatoka gerejini taratibu huku watu wakipiga makofi. Mbele palikuwa na kona ya kwanza. Mikono yake ilikuwa na mazoea ya nusu ya maisha. Ikaanza kukata kona ikiwa bado mbali, ikakata kwa wingi, kama kawaida. Safari hii gari halikutafakari. Lilikwenda pale pale lilipoelekezwa, yaani kwenye uwanja wa seremala, likapita katikati ya fremu mbili za vitanda bila kuzigusa, likaingia kwenye rundo la maranda mpaka kwenye kioo cha mbele, likatulia humo.

Maranda yalimiminika polepole juu ya boneti.

"Sikusema kata," Mzee Tepu akasema.

"Najua hukusema."

"Nilikuwa ndiyo kwanza nakohoa."

Seremala alikuja mbio, akapangusa dirisha, akawakuta wamekaa wima wanatazama mbele kama watu walioko sinema. Sista ndiye aliyeanza. Bega lake lilitikisika, halafu la pili, halafu akaangua kicheko mpaka honi ikalia kwa uzito wake. Mzee naye kikamtoka, na kile alichokimeza siku ya binti yao kikatoka pamoja nacho. Seremala aliwangoja wamalize, akaenda kutafuta koleo.

Ilibidi mkunga mstaafu ajifunze upya kuendesha. Waliutumia uwanja wa mpira wakati wa asubuhi, na matairi makuukuu yaliyopangwa kuwa kona. Mwanzo aliyagonga yote. Mikono ilikuwa haiamini. Mzee Tepu akaketi pembeni akatazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema, kwa sababu kila alipofungua kinywa, "Anza ku...", kona ilikuwa imeshapita. Alirudi kibandani kwake mnyonge kidogo. Mtu akizoea kuwa na kazi, hata ya kupiga kelele, kuipoteza kunauma.

Alipiga mahesabu yake huko kibandani. Akachukua kipande cha ngozi laini kilichobaki kwenye mkoba wa mteja, akaupima usukani kwa tepu, mzingo na unene, akaushonea gauni. Pale juu katikati alishona mstari wa uzi mwekundu, mnene, ambao mtu angeuona hata kwa pembe ya jicho.

"Huu uzi ukiwa juu, unakwenda moja kwa moja," akamwambia mkewe. "Ukifika hapa, hiyo ni kona. Usiupitishe hapa. Zamani ulikuwa unaufikisha huku." Akaonyesha upande wa pili kabisa.

Sista akaupapasa mshono. Alimvuta tepu shingoni, akaiweka sawa pande zote mbili, kama afanyavyo anapofurahi. Siku ile hakugonga hata tairi moja.

Binti alikuja kufanya ukaguzi. Aliketi nyuma, akafunga mkanda, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili kabla gari halijawashwa. Wakatoka. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Mikono ikaachia kiti. Wakaingia mzunguko wa sokoni na kutoka mahali pa kutokea. Askari alipiga saluti moja tu, akaonekana kupata nafuu. Sista alikuwa akisubiri kusikia neno. Hakusikia. Alitupa jicho kwenye kioo, akamwona binti yake ameegemeza kichwa dirishani, mdomo wazi kidogo, amelala fofofo kama alivyokuwa akilala mle alipokuwa mchanga na chango likimsumbua. Zamu mpya ilikuwa inamchosha mno.

"Amelala," akanong'ona Mzee Tepu.

"Nyamaza. Tuzunguke tena."

Walimzungusha mji mzima mpaka alipoamka mwenyewe, akatazama huku na huku, akapangusa shavu na kusema, "Haya. Jumatatu."

Jumatatu ilipofika, wajukuu walimwagika uani na mabegi yao. Ugomvi ukazuka papo hapo juu ya nani atakaa mbele, na ukaamuliwa na bibi kwa njia ambayo Mzee Tepu hakuitegemea: wawili wakubwa wakakaa mbele kwenye lile benchi, naye babu akapelekwa nyuma pamoja na mdogo. Hakuwahi kukaa nyuma. Aliingia shingo upande, akasogeza mabegi, akakunja miguu.

Lakini gari lilipoondoka, akaona nyuma si pabaya. Kutokea pale alimwona mkewe vizuri: shingo yake, kilemba alichokifunga kwa ajili ya siku hiyo, mikono miwili iliyotulia juu ya ngozi aliyoishona yeye. Uzi mwekundu ulikwenda kidogo kulia, ukarudi juu. Watoto walipiga kelele za kila aina na hakuna hata moja iliyohusu ukuta. Akajinyoosha. Alikuwa abiria kweli sasa, kama wanaume wengine wenye wake wenye magari.

Ndipo alipohisi kijiupepo kwenye kifundo cha mguu. Akainama, akainua kona ya mkeka wa sakafuni. Chini ya mkeka palikuwa na kutu, na katikati ya kutu palikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na kupitia tundu hilo barabara ilikuwa inapita, kwa kasi, na mistari yake myeupe.

Mjukuu akachungulia. "Babu, ile ni nini?"

Mzee Tepu alirudisha mkeka mahali pake. Alimbeba mtoto akamketisha mapajani, akamkumbatia kwa mkono mmoja, kisha akatandaza kiatu chake chote juu ya ile sehemu na kukikandamiza.

"Ni barabara," akamjibu kwa sauti ya chini. "Usimwambie mama yako. Leo jioni mimi na bibi tutamtembelea Fundi Sikia."